Mkono Ulioinua Mtungi

Fulana zenye maneno hazikuwa na soko. Hilo nililijua wiki ya kwanza nilipoanza kuuza mitumba soko la Toi, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ukifungua bale la nguo unaomba Mungu zitoke nguo za watoto, au mashati meupe ya watu wa ofisi, halafu zinakutokea fulana za Wazungu waliokasirika: ngumi, minyororo iliyokatika, mwanamke aliyeachama kinywa kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na chini yake maneno ya Kijerumani au sijui Kidachi. Nani Kibera angevaa hizo? Wenzangu waliziuza kwa mafundi wa magari wapangusie mikono. Mimi nilimwekea kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa mchoraji wa mabango. Tuliishi chumba kimoja Kibera, sisi wawili tuliotoka kando ya ziwa kwa nyakati tofauti kutafuta kazi, na kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi Kawangware, ambako mama mmoja mwenye ploti alikuwa amemkodishia kibanda cha mabati karibu na posho mill, mashine ya kusagia mahindi. Alichora vinyozi, bucha, saluni, maduka ya dawa, na siku zikiwa mbaya alichora namba za milango. Alikuwa na mkono mzuri na kiburi kilicholingana nao. Nilimpenda sana na alinichosha sana, na sioni kwa nini niseme moja nifiche jingine.

Zile fulana alizipigilia misumari ukutani, moja kando ya nyingine, mpaka mabati ya kibanda yakawa hayaonekani. Jumapili nilipompelekea chakula alinisimamisha mbele yazo kama mtoto wa shule.

"Nyamera, angalia huu mkono umetoka wapi," aliniambia. Nyamera maana yake dada yangu, kwa lugha yetu. "Umetoka chini kabisa, kwa pindo. Mwenye mkono humuoni, lakini unajua yuko. Na ona rangi ni mbili tu. Hawa watu hawakuwa na pesa ya rangi ya tatu, na hiyo ndio imefanya ikae poa."

"Walikuwa wanataka nini?"

"Sijui. Lakini unaona walikuwa wanataka."

Alichojifunza kwenye zile fulana alikiingiza katika kazi yake ya kila siku, na hapo ndipo watu walipoanza kumcheka. Vichwa vya vinyozi, ambavyo kila mchoraji Nairobi alivichora vikitazama mbele kama picha ya kitambulisho, yeye aliviinua kidevu vikatazama juu, mbali, kama watu walioahidiwa nchi. Bucha moja ya Riruta aliichorea ng'ombe mweusi juu ya rangi nyekundu, kichwa kimeinuka, jicho limemkazia mpita njia. Mwenye bucha alilalamika kwamba ng'ombe wake anaonekana kama ana kesi na wateja. Hakumlipa vizuri, lakini bango hakulitoa, na watu walianza kuelekezana kwa ng'ombe huyo.

Kitu kimoja tu katika fulana zile kilimuudhi. Hazikuwa na sahihi. Alizigeuza ndani nje, akachunguza mishono, akasoma hata maandishi madogo ya kiwandani, na hakupata jina la aliyechora. Kwetu mchoraji wa mabango hakosi kutia jina lake pembeni, kwa herufi za kulala, na mahali anapopatikana, kwa kuwa hilo ndilo tangazo lake la pekee. Kaka yangu aliwasikitikia wale wachoraji wa mbali kwa dhati. Alisema walinyanyaswa, kwamba mabwana fulani wa kamati walichukua kazi wakaficha mwenye kazi. Nilikubaliana naye, maana sikuwa na maoni yoyote juu ya jambo hilo, na chakula kilikuwa kinapoa.

Kisha ikaja habari ya uwanja.

Mbele ya kibanda chake na vibanda jirani palikuwa na uwanja wa udongo, na katikati yake mfereji wa maji, bomba moja la watu wote. Asubuhi ulikuwa wa mitungi, mchana wa watoto na mpira wao wa makaratasi, Jumapili wa kanisa lisilo na jengo. Siku moja walifika wanaume wenye mafuta ya nywele na vigingi, wakaanza kupima. Tukaambiwa kuna mkubwa amepewa hati ya uwanja. Mkubwa gani, hakuna aliyesema, na miaka ile ukiuliza mara ya pili ulikuwa unajitafutia balaa. Wakafunga mfereji kwa mnyororo. Maji ikabidi yanunuliwe kwa watu waliokuwa na mabomba yao upande wa Riruta, na wao walipoona foleni wakapandisha bei. Nilimwona mwanamke mmoja akimwogesha mtoto mchanga kwa maji aliyokuwa ameoshea sufuria. Mtoto aliharisha siku kadhaa, na alipozikwa hatukuwa na la kumwambia mama yake.

Watu wakaunda kamati. Wengi walikuwa wapangaji, watu wetu wa ziwa na Waluhya, wauza samaki, wajenzi, wafua nguo. Lakini yule mama mwenye ploti naye aliingia, na wenyeji wenzake wachache waliokuwa Kawangware tangu mababu zao, maana uwanja ule walikuwa wameuacha wazi wao wenyewe. Kwa chifu walikwenda wakaambiwa hajui lolote. Kwa diwani walikwenda wakaambiwa amesafiri, na walikuwa wanamsikia akikohoa ndani. Ndipo wakamjia kaka yangu. Walitaka mashuka ya kubeba siku ambayo wangekwenda mjini kwa wakubwa, na mchoro kwenye ukuta mrefu wa ghala lililotazama uwanja, wapimaji wauone kila wakija.

Mimi nilidhani angenakili ngumi tu amalize. Hakunakili. Alikaa mbele ya zile fulana tangu asubuhi hadi jua likazunguka nyuma ya kibanda.

"Ngumi haiwezi," alisema. "Mtu wa hapa akiona ngumi anafikiria mbio. Wale walichora ngumi kwa sababu kwao ngumi ilikuwa inamaanisha watu. Huku tukiwa wengi tunakuwa wapi?"

"Kwa foleni ya maji," nilimjibu, nikiwa na hasira tu.

Akanitazama. Kisha akachukua makaa akachora kwenye ubao mkono uliotoka chini kabisa, kwenye pindo, wenye mishipa, umeshika mtungi wa plastiki wa lita ishirini na kuuinua juu. Mkono mweusi, mtungi wa manjano. Maneno mawili tu: TUNAKUNYWA HAPA. Hakukuwa na tusi, hakukuwa na jina la mtu, hata chama hakikuwemo. Lakini ukiutazama ule mkono ulijua hauko tayari kuushusha.

Mashuka niliyatoa mimi kwenye bale zangu. Mchoro wake wa matundu, wa kupitishia rangi, aliukata kwenye filamu za eksirei alizookota kwenye takataka za kliniki, maana filamu haivimbi kwa rangi kama kadibodi. Nilizishika juu ya mwanga akikata kwa wembe, na nyuma ya ule mtungi zilionekana mbavu za mtu nisiyemjua. Tulitandika shuka, tukaweka filamu, tukagonga rangi kwa sponji ya godoro. Wanawake wa kamati walizianika kwenye kamba kama nguo za kawaida. Sikumbuki siku nyingine nilipomwona kaka yangu akifanya kazi huku akiimba.

Ukuta aliuchora mchana kweupe, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Alisema kazi ya gizani hutoka imepinda.

Nilikwenda kuuona kesho yake. Mkono ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, umetoka ardhini penyewe, na watoto walikuwa wanasimama chini yake kupima urefu wao. Nilifurahi mpaka macho yangu yakashuka kwenye pembe ya chini, upande wa kulia. Pale, kwa herufi nyekundu za kulala, zenye kivuli cheupe, lilikuwepo jina lake. Na chini ya jina: Kawangware, kando ya posho mill.

Nilimkuta akimalizia bango la bucha nyingine.

"Wewe ni mjinga?" nilimuuliza.

"Niaje, kwani umekula nini?"

"Umeweka sahihi kwa ukuta. Umeandika na mahali unapatikana."

Brashi yake ilisimama hewani. Nikaona kwamba hata yeye hakuwa amejua. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwenye kila bango alilowahi kumaliza. Nilidhani atashtuka atoke mbio. Badala yake kiburi kikamrudia.

"Si ni kazi yangu? Kwani nimeiba?"

"Nenda ukafute."

"Nitafuta jioni. Huyu jamaa anakuja kuchukua bango lake saa hizi."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama mbele ya zile fulana zisizo na jina, kwamba wale wachoraji wa mbali hawakunyanyaswa na mtu. Walijificha. Yeye alikuwa amewatazama kwa miezi, akajifunza kwao mkono, rangi, herufi, pembe ya kutazamia, na hilo moja hakuliona. Nilimwambia. Alicheka, akasema nina akili ya kuwa wakili, akaendelea kupaka.

Jioni hakuifikia. Askari walimjia kabla ya saa tisa, wakiwa wameshamuuliza mwenye posho mill njia.

Kituo cha kwanza waliniambia hawana mtu kama huyo. Cha pili wakaniambia niende cha kwanza. Nje ya vituo vile kulikuwa na wanawake wengine kama mimi, wameshika chakula ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake amekuja kwa ajili ya nani. Miaka ile mtu alikuwa anaweza kuchukuliwa mchana na asionekane tena, na kila mmoja wetu alikuwa anamjua mmoja. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nikitembea, nikipanga foleni, nikikaa kwenye vumbi: awe hai. Mengine sikuyataka. Biashara niliiacha, nguo zangu jirani wa Toi akawa ananiuzia. Wale wa kamati walipoteza sauti ghafla. Mmoja alinikuta njiani akavuka barabara. Nilimtukana kwa sauti, na sijutii.

Aliyekuja na mimi ni yule mama mwenye ploti. Alivaa kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa, akakifunga hadi kwenye nyusi, akaniambia, akiniita binti kwa lugha yake, "Kairitu, twende. Hawa watoto bado wanaogopa kitambaa." Na kweli walikiogopa kidogo. Kwenye kituo cha tatu askari mmoja alimwamkia, akamletea kiti, na baada ya kututazama sana akakubali kwamba ndiyo, yupo.

Mkubwa wa pale alikuwa mtu wa maneno laini, na ndiyo sababu namwogopa hata leo. Alituambia yeye hana haja ya kumpeleka kaka yangu kortini kwa uchochezi. Korti ina makelele. Kaka yangu angetoka, tena bila shitaka, iwapo angekwenda kuufuta ule ukuta kwa mkono wake mwenyewe, watu wakiona. Tatizo, alisema, ni kwamba amekataa.

"Ongea na yeye. Wewe ni damu yake."

Walimleta kwenye kichumba chenye benchi. Sitaeleza alivyokuwa. Nitasema tu kwamba mkono wa kulia ulikuwa umefura mpaka vidole havikuwa na mikunjo, na kwamba alikaa kwa kunipa ubavu ili nisiuone.

"Wamekula zile mashuka?" aliniuliza. Alimaanisha wamezichukua.

"Wamechoma."

"Na ukuta?"

"Ukuta uko."

Akatabasamu. Nilitaka kumpiga.

"Futa," nilimwambia. "Nakuomba, futa twende nyumbani."

"Nikifuta mimi sio kama wafute wao, nyamera. Wao wakifuta kila mtu anajua kuna kitu kilifutwa. Mimi nikifuta, inakuwa haikuwa kitu."

"Sijali."

"Kuna mtoto alikufa kwa hiyo maji."

"Sijali. Nimesema sijali. Mama atauliza nilikupeleka wapi nimwambie nini? Nimwambie uliniachia ukuta?" Nilikuwa nalia sasa, na kamasi zilikuwa zinanitoka, na sikujifuta. Nilishuka chini nikashika miguu yake. Kwetu dada hashiki miguu ya kaka yake, na yeye alijaribu kuirudisha nyuma chini ya benchi, akakosa nafasi. "Tutachora nyingine," nilisema. "Utachora hata mia. Lakini kwanza uwe hai."

Mwishowe alisema, "Haya," kwa sauti ya mtu anayekubali chai asiyoitaka.

Walimleta uwanjani kwa Land Rover, mchana, watu wakiwa wengi. Walimpa ndoo ya chokaa na brashi pana. Mkono wa kulia haukushika, akatumia wa kushoto. Alianza juu, akishikiliwa ngazi na askari, akaenda akishuka. Sijui kwa nini nilitegemea angepaka ovyo, kwa hasira. Alipaka vizuri. Alipaka kama kazi ya kulipwa, mstari juu ya mstari, bila kuacha michirizi, na mtungi ukaondoka, kisha mishipa, kisha ule mkono wote hadi ardhini. Walikuwepo watu wa kamati, nao walikuwa wanatazama viatu vyao. Nyuma yangu mwanaume mmoja alisema polepole, "Kumbe wamemnunua," na nikageuka kuutafuta uso wake, nikakuta nyuso nyingi.

Alipofika pembe ya chini, upande wa kulia, aliichovya brashi. Yule mkubwa wa maneno laini akamgusa bega.

"Hapo acha," alisema.

Kaka yangu hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa: ukuta ule mweupe sasa ndio ulikuwa kazi yake. Nikamwona akisimama na brashi inadondosha chokaa kwenye kiatu chake, mbele ya ukuta mweupe usio na kitu, isipokuwa jina lake kwa herufi nyekundu na mahali anapopatikana. Mkubwa akampokonya brashi kwa upole, akaitia ndooni, akasema yuko huru.

Wiki iliyofuata uwanja ulizungushiwa mabati. Hakuna aliyekwenda mjini. Ukuta ule ulibaki nje ya mabati, na kila aliyepita na mtungi kuelekea Riruta kununua maji alilisoma lile jina. Tulijaribu kulifuta baadaye, mimi na yule mama mwenye ploti, kwa matope na mawe, lakini rangi ya mafuta haitoki hivyo, na kwa kuwa chokaa ilikuwa imetulia pembeni yake, lilizidi kuonekana. Wateja hawakuja kibandani tena. Hawakumtukana, walipita tu. Mwenye bucha wa Riruta alimpaka ng'ombe wake rangi ya buluu, akaliandika bango upya yeye mwenyewe, herufi zimepinda.

Mkono wa kulia ulipona, kidole kimoja tu kikabaki kimenyooka. Nilimletea rangi. Nilimletea fulana mpya kutoka kwenye bale, moja nzuri sana, umati wa watu waliochorwa kwa mstari mmoja usiokatika. Aliikunja bila kuitazama akaiweka kwenye lundo la mafundi wa magari. Alinisaidia Toi kwa muda, akipanga nguo za watoto kwa ukubwa, akizungumza na wateja kwa heshima kama mtu mgeni. Nyumbani tulikula pamoja. Hakunigombeza hata mara moja, na nilitamani sana anigombeze.

Siku aliyoondoka kurudi kwetu nilimsindikiza hadi kwenye basi. Alikuwa na begi moja. Tulisimama kando ya mlango, watu wakipitisha mizigo juu ya vichwa vyetu.

"Nikuulize kitu," alisema. "Ingekuwa tena, ungeniambia nifute?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa ananipa nafasi, na nadhani alitaka nimdanganye.

"Ningekuambia," nilisema. "Hata leo."

"Najua," alisema. "Ndio sababu siwezi kukaa na wewe."

Akapanda. Alipata kiti upande wa pili, ule nisiouona. Nilisimama pale mpaka basi likaondoka, nikijiambia kwamba yuko hai, anapumua, anakwenda mbali nami kwa miguu yake mwenyewe, na kwamba hicho ndicho nilichokuwa nimeomba.